Ramani Niliyoichora Bondeni

Nimezeeka chuoni nikibishana na wachumi wenzangu. Wao huandika kwamba bonde la Kilombero limejaa ardhi tupu inayomsubiri mwekezaji. Mimi nimeandika miaka yote kwamba si tupu, ina watu ambao wenzangu hawataki kuwaona. Vyeo vikanipita. Kwa ubishi wangu nikaapa kuwanyamazisha kwa ramani.

Msimu mzima nilizunguka ng'ambo ya mto Lumemo na kipimo cha GPS mkononi. Kila kibanda cha mkulima wa mpunga nikakitia nukta nyekundu. Mjane mmoja alinikaribisha chini ya dungu lake la kulindia ndege, akanipa wali na perege, akaniita mwanangu. Nukta yake ilikuwa ya kwanza.

Niliionyesha ramani ile kwenye mkutano pale Ifakara, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakuna aliyenibishia. Afisa mmoja wa ardhi akanifuata nje, amefurahi kweli.

"Dokta, umetusaidia sana. Hawa wavamizi tulikuwa hatujui wako wapi hasa. Kesho nitumie hiyo ramani, tuanze kuwaondoa."

Niliogopa. Nikapanda bodaboda hadi bondeni, njia nzima nikimwona yule mama akibebeshwa magodoro yake.

Nilimkuta anapepeta mpunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamweleza yote. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sikutarajia kuambiwa. Lakini hakunilaumu hata kidogo, na hilo likanitia hofu zaidi.

"Hiyo ramani umeshawapa?"

"Bado, mama."

"Na wale wasomi unaogombana nao, wanasemaje juu ya huku kwetu?"

"Wanasema hakuna watu."

Akaweka ungo chini, akanitazama.

"Basi na wewe andika hivyohivyo."

Jioni hiyo nilizifuta nukta zote, yake nikaimalizia mwisho. Kesho yake nikamwambia afisa kwamba vipimo vyangu vilikuwa na makosa. Wenzangu chuoni walicheka sana. Wacheke tu.

Kinachoninyima usingizi ni ule ukumbi. Nilipokuwa nikieleza, simu kadhaa ziliinuliwa kuipiga picha ramani ukutani, nami, kwa majivuno, nikasogea pembeni nisiwazibe.