Magurudumu Makubwa ya Kumbebea Mama Mkwe

Sikwenda Oldonyiro kutembea. Dereva wa lori la mifugo alisimama mbele ya nyumba yetu mjini Isiolo, asubuhi moja baada ya siku ya soko, akatuambia kwamba mama mkwe wangu ameangushwa na ng'ombe kisimani. Mkono umevunjika karibu na bega, na mzee anayewaunga watu mifupa huko amejaribu akashindwa. Sasa umevimba hadi vidoleni na homa imeanza. Mke wangu, Nasieku, hakulia. Alitia nguo mbili kwenye kikapu, akasimama mlangoni akinitazama. Nilikuwa nimerudi jana yake tu kutoka safari ya siku tatu na mgongo wangu haukuwa umenyooka bado. Nikachukua ufunguo.

Hapa inanipasa nieleze habari ya pikapu. Miaka ya themanini ilikuwa ndiyo inaanza, nami nilikuwa nimebadilisha magurudumu wiki chache kabla. Yale ya kwanza yalikuwa ya inchi kumi na nne, madogo, na hapakuwa na shimo baina ya Isiolo na Kipsing ambalo hayakuliingia. Guyo, fundi wa panchari, ndiye aliyenitafutia ya inchi kumi na sita, yenye tairi za lori za tabaka nane. "Gurudumu kubwa inapita juu ya shimo," aliniambia. "Ndogo inaingia ndani kulala." Nikayapenda. Gari liliinuka, nami nikajiona nimeinuka nalo. Niliyajaza upepo mpaka ukiyapiga kwa nyundo yanalia, maana nilibeba mbuzi na magunia ya sukari, na miiba ya kwetu si ya kuchezea. Nikiwa kwenye usukani niliona kweli mashimo yamepungua. Nyuma sikuwahi kukaa. Ni nani anayekaa nyuma ya gari lake mwenyewe?

Saa mbili asubuhi tuliuacha mji. Barabara ilikuwa kavu, yenye vile vituta vidogo vidogo vilivyopangana kama ubao wa kufulia, na pikapu tupu ilivipita kwa mtetemo ulionifanya nijiume ulimi mara mbili. Nasieku alishika dashibodi kwa mikono yote miwili. Nikamwambia tukipata mzigo itatulia. Alinijibu kwamba mzigo tunaokwenda kuchukua hauna kilo nyingi.

Oldonyiro tulifika alasiri, vumbi likiwa limetubadilisha rangi. Mama mkwe alikuwa amekaa kivulini nje ya nyumba yake, mkono umefungwa kwa vijiti na ngozi. Aliposikia gari alijifunika shuka usoni na kugeuka upande wa pili. Hakunichukia. Sisi Wasamburu, mume wa binti na mama wa mke hawatazamani, hawali pamoja, wala hawakai chini ya paa moja. Nami nikageuza uso, nikamsalimu Nasieku kwa sauti ili mama yake asikie, naye akamjibu Nasieku ili mimi nisikie. Ndivyo tulivyosalimiana miaka yote tisa ya ndoa yangu.

Jioni, tukinywa chai ya maziwa kwa shemeji yangu, nilitoa shauri. Mgonjwa akae mbele, dirishani, Nasieku katikati, nami nitaangalia barabara tu. Nasieku alikwenda kumwuliza akarudi upesi.

"Amesema hiyo nyumba yako ya mbele ni ndogo," alisema. "Anasema atakaa nyuma, hata mbuzi wanakaa."

Kulipopambazuka tulitandika magodoro mawili nyuma, moja juu ya jingine, tukafunga turubai kuzuia jua. Shemeji na jirani walimpandisha nikiwa nimesimama mbali, nimeligeuzia gari mgongo. Nasieku alipanda naye. Tulikubaliana hivi: akigonga paa mara moja, nipunguze mwendo; akigonga mara mbili, nisimame.

Tulikuwa hatujapoteza Oldonyiro machoni alipogonga mara moja. Nikapunguza. Akagonga tena. Nilijaribu kwenda mbio, maana madereva husema ukikimbia unapita juu juu ya vile vituta, na hapo akagonga mara mbili. Nikaenda pole kama mtu anayesindikiza maiti, na bado kila kituta kilipanda kutoka chini hadi nyuma kama pigo la mchi. Nilisikia mama mkwe akiguna, kisha nikaacha kumsikia, na ule ukimya ulinitisha zaidi. Mashimo tuliyapita vizuri, Guyo hakudanganya. Lakini shimo ni moja moja, na vile vituta havikuwa na mwisho. Fikira ya kupunguza upepo ilinijia. Nikaifukuza, maana nilikuwa na gurudumu moja tu la akiba, na kusema kweli sikutaka kukiri kwamba nilichokinunua kwa majivuno ndicho kinachomtesa mama wa watu.

Saa tano tuliingia Kipsing. Jua lilikuwa kali na nilikuwa nimechoka, nikasimamisha gari. Kwenye kibanda cha chai alikuwapo Mzee Warsame, mtu wa Isiolo, wa zile familia za Kisomali ambazo babu zao waliletwa na jeshi la wakoloni. Aliendesha malori ya mizigo maisha yake yote, na sasa alikuwa Kipsing kununua ngozi.

"Salaam aleikum. Umebeba nini?" aliuliza.

Nikamwambia. Alizunguka gari, akabonyeza tairi ya nyuma kwa kidole gumba, kisha akaipiga teke.

"Hii ni mawe, si tairi," alisema. "Hii ni ya kubeba saruji. Wewe umebeba mama."

"Mzee, fundi aliniambia kubwa ndiyo inatulia."

"Kubwa ni sawa. Lakini hii ni kubwa, ni nzito, ni ngumu, na umejaza upepo kama ya lori. Itatulia aje? Halafu umemlaza juu ya ekseli. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Toa upepo."

"Nikitoa, mawe itakata."

"Ikikata tutafunga ingine. Huyo mama ana mikono mingapi?"

Nilichuchumaa nikatoa upepo, gurudumu baada ya gurudumu, mpaka tairi zikaanza kulala kidogo ubavuni. Kisha Mzee akauliza kwa nini mgonjwa hakai mbele. Nikamweleza desturi yetu. Aliisikiliza kwa heshima, akanyoosha mkono.

"Basi leta ufunguo. Mimi si mume wa binti yake."

Nawaambia kweli, tangu ninunue lile gari hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameliendesha. Niliutoa ufunguo kwa uzito. Mama mkwe alihamishiwa mbele, dirishani, mto ubavuni, Nasieku katikati. Nami nikapanda nyuma.

Kutoka Kipsing hadi Isiolo nilikaa pale alipokuwa amelala. Upepo ulikuwa umepunguzwa, Mzee aliendesha kwa ustadi, magodoro yalikuwa mawili, na mimi nilikuwa mzima mwenye mifupa yote. Hata hivyo nilirushwa. Nilishika ubavu wa gari nikapata malengelenge. Katikati ya magodoro nilikuta kipande cha kitambaa kilicholowa, nikakikunjua. Kilikuwa na alama za meno, kimetoboka sehemu tatu. Ndicho alichokuwa akikiuma ili nisimsikie. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na sikuwa na mahali pa kuificha.

Laga, ile mito ya mchanga isiyo na maji, tuliivuka bila kukwama. Alasiri tulifika hospitali. Daktari alisema tungechelewa siku mbili tatu zaidi, pengine angelazimika kuukata. Mkono ulibaki. Tairi moja ilikuwa imechanika ubavu, kama nilivyoogopa, nayo haikuniuma hata kidogo.

Wiki nyingi baadaye aliruhusiwa kurudi kwake, mkono ungali dhaifu. Asubuhi ya safari nilikuwa nimekwisha kuyarudisha magurudumu madogo, na zile tairi zangu za zamani, laini, zenye nyama. Guyo alicheka akasema nimezeeka ghafla. Nilimwomba Mzee Warsame aendeshe tena, naye akakubali. Mimi nilipanda nyuma pasipo kuambiwa.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa safari rahisi. Tuliingia kila shimo na kufika chini yake, kama zamani. Kwenye laga ya kwanza magurudumu madogo yalizama, nikachimba mchanga kwa mikono na sufuria mpaka jua likawa utosini, huku Mzee akinielekeza kutoka kivulini. Baada ya Kipsing nililala chali juu ya magunia nikitazama mawingu, sina nguvu hata ya kufukuza nzi. Nilijifunza kwamba gurudumu kubwa lina kazi yake na dogo lina kazi yake, na kwamba mwenye gari ndiye mtu wa mwisho kuulizwa kama gari lake linatulia.

Oldonyiro, mama mkwe alishuka mwenyewe. Nilikuwa bado nyuma, nimegeuza uso kama inavyotakiwa, vumbi limejaa hadi kwenye nyusi. Alisimama kando ya gari, shuka usoni, akamwambia Nasieku kwa sauti ya kutosha:

"Mwambie baba wa watoto wako kwamba leo kutoka Kipsing nililala usingizi."