Joto Limesimama

Mdomo wangu ni wa haraka, hilo nalikubali hata bila kushikiwa fimbo. Miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilipokuwa vinafunguliwa Mwanza, mdogo wangu alivuka kutoka Sengerema akafikia kwangu. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi ya kusoma joto la chumba cha baridi. Nyumbani alimwacha mama, jembe, na pamba ambayo hakuna aliyejua tena nani ataichukua na lini. Kazi ile ndiyo waliyokuwa wanaitegemea wote wawili.

Mimi nafundisha hesabu shule ya msingi, nani mwingine angemwelekeza? Aliambiwa atapewa grafu na sentensi, aoanishe. Nikamchorea kwa chaki sakafuni. Mstari unaopanda: umeme umekatika, joto linaongezeka. Unaoshuka: mashine imewashwa, chumba kinapoa. Alishika upesi mpaka nikamtania kwamba akishaajiriwa ataniletea mapanki tu, ile mifupa inayobaki minofu ikishatolewa.

Jioni ya mwisho kabla ya usaili nilikuwa nakaanga samaki, mafuta yananirukia, mwanangu analia mgongoni. Mdogo wangu akachora mistari mingine miwili kwa chaki.

"Dada, huu uliosimama na huu uliolala, ni ya nini?"

Ndivyo tunavyoiita darasani: ule wa wima umesimama, ule wa mlalo umelala.

"We naye! Neno lenyewe si linakwambia? Liangalie neno!"

Akaifuta chaki. Nikageuza samaki.

Kesho yake alirudi mchana, akanipa shikamoo ya chini chini, akakaa. "Nimekosa moja tu, dada." Lakini wenzake walikuwepo ambao hawakukosa hata moja, na nafasi zimekwenda kwao. "Sentensi ilisema, 'Joto limesimama.' Nikaliangalia neno, nikachagua uliosimama."

Mungu wangu! Joto likisimama halipandi wala halishuki. Saa zinakwenda, lenyewe liko palepale. Mstari wake ni ule uliolala! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimfokee, ndipo nikaisikia sauti yangu ya jana jikoni. Nilichoweza kusema ni pole. Nilijiona mtu wa hovyo kabisa.

Nikamsindikiza hadi feri ya Kamanga. Ilikuwa imefungwa gatini, malori yanapakiwa. Akaiangalia, akacheka kidogo.

"Dada, hii nayo imesimama au imelala?"

Nikacheka naye, huku roho inaniuma vibaya. Nilitaka kumwambia kosa ni langu. Watu wakaanza kusukumana kupanda, nikamshikisha mfuko wake, akaenda.

Jumapili iliyofuata, jirani wa mama kule Sengerema alipiga hodi mlangoni, ameshika jogoo aliyefungwa miguu.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako anakusalimu. Anasema asante kwa kuhangaika na mdogo wako. Mtoto mwenyewe kamwambia ulimfundisha vizuri sana, ila kichwa chake yeye ndiyo kizito."

Jogoo alikuwa mkubwa. Nilimjua, ndiye pekee aliyekuwa amebaki pale nyumbani.

Yule si mzito, nilitaka kusema. Aliniuliza, nami sikumjibu. Maneno yalikuwa tayari kabisa, na mama yule alikuwa amesimama pale ananingoja.

Nikampokea jogoo kwa mikono miwili, na mdomo wangu, ule wa haraka, ukasema asante.