Nani Alikuwa Analalia Kitanda Changu Silanga

Nilirudi kutoka kazini, nikakaa kitandani nivue viatu, nikaruka. Kitanda kilikuwa na joto.

Na mimi nilikuwa naishi peke yangu.

Wacha nieleze polepole, maana nawajua, mtasema mzee anatunga. Ilikuwa Julai, sabini na tisa. Nilikuwa nimepanga chumba Silanga, hapo Kibera karibu na bwawa, kwa mama mmoja Mnubi. Nitamwita Mabrouka. Mjane mwenye heshima zake, chumba chake na changu ukuta ni mmoja. Tulikuwa tunasalimiana mlangoni, basi, kila mtu anaingia kwake.

Baridi ya bwawa ikishika, blanketi unalikuta kama limenyeshewa. Sasa joto linatoka wapi?

Nikakagua. Kitasa kiko sawa. Redio iko. Sufuria ziko. Mwizi gani anakuja kulala tu?

Kesho yake, tena. Keshokutwa, tena.

Nikaweka Biblia chini ya mto. Nikarudi, joto liko palepale. Nikasema huyu jini ni wa aina gani, anafanya Zaburi mto.

Nikamwambia Khamala, mtu wa kwetu tuliyekuwa naye kiwandani. Hakucheka. Akaniambia nihame siku hiyohiyo, niende kwake Kawangware, pale stendi ya 46, tugawane chumba. Nikakubali. Kufika jioni nikakataa, na sababu nikamficha.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemzika mke wangu, Nasambu, kule nyumbani. Nasambu alikuwa anatangulia kulala, anashika upande wa ukuta. Na hili joto lilikuwa upande wa ukuta.

Mmeelewa sasa.

Woga ukaisha. Zamu ya asubuhi ikiisha natoka mbio. Wenzangu wa Gatwekera, hukohuko Kibera, niliokuwa natembea nao wakaanza kunitania, eti Wekulo ameoa tena. Nikifika naweka mkono hapo kwa shuka, nasema, "Nimefika." Kwa sauti, haki. Upweke ulikuwa umenifanyia kazi.

Sasa sikieni ya kazini, maana ndiyo ilinitoa usingizini.

Kiwanda chetu kilikuwa cha mafuta ya kupikia. Julai mafuta yanaganda kwa mapipa, hayatoki. Zamani tulikuwa tunawasha makaa chini ya pipa. Ya chini yanaungua, ya juu bado mawe. Ndio wakubwa wakaleta sampuli za heater za kukunja, unazungushia pipa tumboni kama mshipi, unachomeka stima. Sisi tuliziita mikanda ya moto. Mimi na Khamala tukaambiwa tujaribu zote, tuchague moja.

Ya kwanza ilikuwa kitambaa cha nyuzi za glasi. Moto wake mkali sana, lakini ilikuwa inakunywa maji, na sakafu yetu ilikuwa inamwagiwa maji kutwa nzima. Hiyo itakuua. Ingine ilikuwa waya mrefu mwembamba. Kwa paipu ni nzuri, kwa pipa inachoma mstari mmoja na kuacha kwingine baridi. Ya tatu ilikuwa mpira laini, mpana. Joto lake la upole, maji hayaingii. Hiyo ndiyo tulipenda.

Lakini nayo ilikuwa na masharti. Lazima ilale kwa chuma kabisa. Pipa moja lilikuwa limebonyea, mkanda ukaacha nafasi, na hapo penye nafasi ndipo ulipojiunguza wenyewe, kwa sababu joto lilikosa pa kwenda. Nikaangalia lile doa jeusi, nikajiona mimi. Nilienda kwa choo nikalia, nikarudi na macho mekundu, nikamwambia Khamala ni moshi.

Kupima, tulikuwa tunazima stima, tunafungua mkanda, tunapitisha kiganja kwa pipa pole pole. Ukifanya hiyo kazi kwa siku nyingi, kiganja kinasoma chenyewe. Kinajua wapi palishikwa na wapi paliachwa.

Siku tuliyochagua ule wa mpira, nikafika nyumbani nikapitisha kiganja kitandani vilevile. Sikufikiria. Ni mazoea tu ya mkono.

Bega hapa. Nyonga hapa. Magoti hapa, yamekunjwa karibu na tumbo. Kutoka hapo kwenda chini, baridi tupu.

Nasambu alikuwa mrefu. Miguu yake ilikuwa inatokeza nje ya blanketi kila siku.

Huyu alikuwa mtu mfupi, amejikunja. Mtu wa nyama na damu. Nikakaa sakafuni, nikamlilia mke wangu upya.

Kesho yake nikaomba ruhusa, nikarudi mchana. Mlango haukuwa umefungwa. Nikausukuma.

Mama Mabrouka. Amelala upande wa ukuta, leso kichwani, viatu amevipanga vizuri chini ya kitanda.

Wueh.

Akashtuka, akajifunika uso. Mwanamke wa heshima yake, kwa kitanda cha mpangaji mwanaume. Na mimi nilikuwa na hasira, sidanganyi. Kwangu ilikuwa ni kama Nasambu amekufa mara ya pili. Lakini kilichotoka mdomoni ni, "Mama, kwa nini?"

Akaketi, akanieleza. Asubuhi moja aliingia na ufunguo wake kuangalia mabati yanayovuja. Nilikuwa nimetoka tu. Akaegemea kitanda, akakuta kina joto.

"Tangu Fadul wangu afariki, sijawahi kugusa mahali mtu ametoka kulala," akasema. "Nikakaa kidogo. Kesho nikarudi. Mwishowe ikawa hata mchana, siwezi kulala kwangu, naja hapa mpaka adhana ya alasiri."

Mimi nilikuwa nakimbilia joto lake jioni. Yeye alikuwa anafuata langu asubuhi.

Akaniomba. "Wekulo, ukiambia watu, jina langu limeisha hapa Kibera."

"Nitamwambia nani, Mama? Mimi sina mtu."

Akaondoa leso usoni, akaniangalia. "Hata mimi," akasema. Akavaa viatu, akaenda kuweka chai.

Hakulala tena kwangu. Tukawa tunakaa barazani kwake kila jioni, mbele ya kila mpita njia. Akanisimulia Fadul alivyokuwa mkali wa chumvi kwa mchuzi. Nikamsimulia Nasambu na miguu yake mirefu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutaja hilo jina mbele ya mtu Nairobi. Kitanda kikabaki baridi mpaka nilipohama, na mimi nikawa nalala vizuri.

Alifariki zamani, hakuacha mtu wa kuaibika. Ndiyo maana naandika leo.

Kama unasoma hii peke yako kwa chumba, umeshika simu, kuna mtu upande wa pili wa huo ukuta. Labda naye ameshika yake. Toka umpigie hodi.