Kalamu ya Kuku

Habari za msiba zilinifikia Jumatatu asubuhi nikiwa na mswaki mdomoni. Simu ililia, nikaipokea kwa tabia yangu mbaya ya kupokea simu popote nilipo, na sauti ya binti wa marehemu ninayemwandika leo ikasema, "Mzee, Taata, baba yetu, ametuacha. Alfajiri ya leo." Nilitaka kusema pole, nikatoa povu. Binti akadhani yale yalikuwa machozi yamenikaba, akaanza yeye mfiwa kunibembeleza mimi: "Jikaze, mzee wangu, jikaze." Nilijikaza, nikasukutua, nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, na hapo ndipo machozi yenyewe yalipokuja. Mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba safu hii haina desturi ya kulia hadharani. Wiki hii mnivumilie, ingawa nawaonya mapema kwamba nikimkumbuka marehemu siwezi kulia muda mrefu kabla sijacheka.

Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, mkazi wa Kamwokya hapa Kampala tangu ujana wake, mfupi, suruali ameipandisha mpaka karibu na kifua, na nyuma ya sikio penseli nyekundu ambayo mkewe aliniapia kwamba alikuwa akioga nayo. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana kila juma. Tulikuwa watu wa kusalimiana njiani na kuulizana hali za watoto. Akiingia kwenye nyumba ya mtu alisalimia ukuta kwanza, mwenye nyumba baadaye. Nilipomaliza kujenga kibanda changu nilimwalika chai. Akapita pale mlangoni bila kunitazama, akagonga ukuta kwa vidole, akatega sikio, akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kiganda, "Habali yako." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, huyu alinyimwa simenti. Lakini anajitahidi." Nilikasirika wiki nzima. Katika mvua za mwaka uliofuata ukuta uliacha kujitahidi, tena palepale alipogonga.

Lakini kilichotufahamianisha hasa ni barua. Ilikuwa miaka ile ya sabini, wanajeshi wakiwa wametukalia, chumvi ni bidhaa ya kunong'onezana na simenti inasikika redioni tu. Mimi nilikuwa mwalimu wa kuchora katika shule moja ya sekondari, na mara mojamoja niliandika gazetini juu ya picha na vitabu, nikijiona mtu muhimu sana. Asubuhi moja askari alinikabidhi bahasha yenye mhuri. Barua ilikuwa imepigwa taipu na mtu ambaye bila shaka alikuwa amechekwa maisha yake yote kwa kusema "l" pasipostahili, naye siku hiyo akaamua kulipa kisasi kwa kuweka "r" kila mahali. Ilisema: MWARIMU, UNATAKIWA KUHUKUMU VITABU VIKUBWA VYA MAJUMBA YA KISASA. KIRA MTU AJE NA KARAMU YAKE. ASIYEKUJA ATAKUJA. Sentensi ile ya mwisho niliielewa bila msaada wa kamusi.

Mambo yalikuwa hivi. Mkubwa mmoja wa jeshi alikuwa amejipatia kiwanja juu ya kilima huko Makindye na alitaka nyumba ya kisasa kuliko zote duniani. Katika jumba la mhandisi mmoja Mhindi, aliyefukuzwa nchini pamoja na wenzake na kuondoka na sanduku moja, walikuta vitabu saba vya picha za majumba, vikubwa kiasi kwamba hata waporaji walivitazama wakaona heri wachukue jokofu. Basi Mkubwa akaamuru vitabu vihukumiwe, kitakachoshinda kifunguliwe, na nyumba iliyomo ndani yake ijengwe kwa miezi mitatu. Waamuzi tulikuwa watatu: sajini mmoja mnene aliyemwakilisha Mkubwa, mimi mtu wa sanaa, na marehemu, aliyekuwa mchoraji pekee aliyebaki katika ofisi ya ujenzi ya serikali. Aliyemtangulia aliamriwa kujenga bwawa la kuogelea, bwawa likavuja, akaitwa akaeleze kwa nini linavuja. Tulikuwa bado tunamsubiri amalize kueleza.

Tulikutana katika sebule ya jumba lilelile, tupu kabisa, hakuna meza, hakuna kiti, vitabu vimepangwa sakafuni mstari mmoja kama wafungwa. Sajini alikuwa ameleta mizani ya kupimia nyama. "Karamu yako iko wapi?" akaniuliza. Nikamwonyesha kalamu ya wino mfukoni, akaridhika. Kisha marehemu akaingia. Sijapata kuona mtu amebeba kikapu kikubwa kiasi kile: kilikuwa kinamficha uso, kinatoa mvuke, na kimefunikwa majani ya mgomba.

"Hii nini?" akauliza sajini.

"Kalamu, afande."

Sajini akafunua majani. "Hii kuku!"

"Ndiyo, afande. Kalamu ya kuku."

Kinywani mwa Mganda yule karamu na kalamu vilikuwa kitu kimoja, lakini macho yake yalisoma barua sawasawa: imeandikwa karamu, amri ni karamu. Baadaye aliniambia kwamba wazo la kosa la taipu lilimjia, akalifukuza. Barua ya jeshi haikuwa na makosa siku zile, makosa yalikuwa yako wewe uliyeisoma. Mkewe alichinja kuku wake wawili wa mwisho, akawafunga kwenye majani pamoja na mchuzi wa karanga, akapika matoke, na muda wote alikuwa akilia, kwa kuwa alidhani mumewe anapelekwa kula mlo wa kuagana. Sajini akaisoma tena barua, midomo ikicheza. Akautazama mhuri wa Mkubwa. Akamtazama kuku. "Barua nasema," akatamka mwishowe. "Weka hapo. Kwanza kazi."

Kazi ikaanza kwa mizani. Sajini alikuwa na imani kwamba kitabu kizito ndicho kizuri, na kusema kweli nimekutana na wachapishaji wenye imani hiyohiyo. Kizito kuliko vyote kilikuwa na jalada jeupe, na ndani yake nyumba moja ya kioo, kioo kitupu, kuta zote, imesimama kwenye mguu mmoja wa chuma juu ya mteremko. "Mwalimu, hii kitabu iko na maksi ngapi?" Jamani, hapo ndipo nilipojiaibisha. Nilikuwa na miaka mingi sijaona kitabu kama kile, na zaidi ya hapo sikuwa nimepata msikilizaji anayelazimika kunisikiliza. Nikavimba. Nikazungumza juu ya mwanga na nafasi vinavyoshikana mikono, juu ya uhuru wa jicho, juu ya ukuta unaokataa kuwa ukuta. Nikakipa tisini na nane. Halafu nikakiokota cha mwisho, kijitabu chembamba kuliko wenzake, cha zahanati na shule za matofali zenye mabati na baraza pana, nikakishika kwa vidole viwili. "Mabanda," nikasema. "Kumi na moja." Sajini akaandika kila kitu kwenye daftari la shule.

Ndipo nilipomwona marehemu. Uso wake ulikuwa umepauka mpaka ile penseli ya sikioni ikaonekana nyekundu kupita kiasi. Akanisogelea, akaninong'oneza: "Mwalimu, unajua nani atajenga hiyo?" Nikamuuliza nani. "Mimi," akasema. Nikaitazama tena ile nyumba ya kioo. Mji mzima wa Kampala haukuwa na kioo cha kuziba dirisha la choo cha shule yetu. Nilikuwa nimemhukumu mtu kifo kwa sababu ya sentensi nzuri, na sajini alikuwa tayari analifunga daftari.

"Afande," marehemu akasema, "kalamu inapoa."

Hiyo ilikuwa akili. Sajini alikuwa na njaa kama raia yeyote, na harufu ya karanga ilikuwa imekwishamteka tangu zamani. Kwa kuwa hapakuwa na meza, akaamuru kitabu kizito ndicho kiwe meza, tukakizunguka tumechutama, kuku katikati, mchuzi unatambaa taratibu juu ya jalada jeupe. Marehemu alimkatia sajini firigisi, heshima ambayo kwa desturi ya huko haitolewi ovyo, akamwacha ameze. Kisha akaanza, akichambua mfupa polepole.

"Afande, mimi nauliza tu. Hii nyumba ya kioo, Mkubwa akirala ndani, mtu ya balabalani anamuona?"

"Anamuona," sajini akasema.

"Na akivua suluali?"

Sajini akaacha kutafuna.

"Na adui akija na bunduki, hatafuti dilisha. Nyumba yote ni dilisha."

Sajini akaweka paja la kuku chini. Akanigeukia polepole, na nikaona jinsi mtu mnene anavyoweza kuzidi kunenepa akikasirika. "Mwalimu. Wewe nasema hii namba moja. Wewe nataka watu yote naona Mkubwa bila suruali?"

Wasomaji wangu, mimi niliyekuwa nimezungumza juu ya uhuru wa jicho nikainamia mchuzi. Marehemu angeweza kuninyamazia. Nilistahili. Badala yake akalamba vidole, akasema kwa sauti ya mtu anayefafanua jambo linalojulikana na wote: "Afande, Mwalimu hakusema ni nzuli. Ile ni maksi ya hatali. Yeye anapima hatali ya kitabu. Hii ya kioo, tisini na nane, hatali sana. Ile nyembamba, kumi na moja tu. Hakuna hatali."

"Kweli, Mwalimu?"

"Kweli tupu, afande," nikasema, kwa imani ambayo sijawahi kuwa nayo hata kanisani.

"Sasa kwa nini ulisema mwanga, mwanga, uhuru?"

"Mwanga mwingi mno, afande. Na uhuru ni wa adui."

Alifikiri. Akalifungua daftari, akatazama zile namba upande wa juu, akazitazama upande wa chini, na uso wake ukafunguka. Ni hapo nilipotambua kwamba naye alikuwa na hofu yake: alitakiwa apeleke jibu kabla ya saa kumi, na lisingekuwa jibu zuri angeitwa akaeleze pia. "Hii akili," akasema. "Kumi na moja imeshinda." Akamalizia matoke, akakipiga mhuri kile kijitabu cha mabanda, na tukatawanyika. Marehemu aliijenga ile nyumba kwa matofali ya kuchoma na mabati yaliyokuwepo, na ilikwisha siku tatu kabla ya muda. Mkubwa aliipenda sana. Alisema mvua ikinyesha juu ya bati kelele ni kubwa kiasi kwamba hakuna mtu anayeweza kusikiliza mipango yake mlangoni. Miaka michache baadaye aliihama kwa haraka, usiniulize alikokwenda, na marehemu akabaki Kamwokya, akazeeka, akapata wajukuu, akagonga kuta zetu zote.

Siku hizi mji umejaa majumba ya kioo. Nikipita chini yake huwatazama wafanyakazi waliomo ndani na kuona karibu wote wamefunga mapazia, na wengine wamebandika magazeti kujikinga na jua, na mara mojamoja gazeti lenyewe ni hili lenye safu yangu. Sidai kwamba nyumba zile ni mbaya. Nimekuwa mwamuzi wa vitabu na picha kwa miaka mingi, nimekaa kwenye kamati zenye viti na maji ya chupa, na nimejifunza jinsi ilivyo rahisi kugawa maksi kwa kitu ambacho mikono ya mtu mwingine ndiyo itakayokibeba. Tunasifu mipango, tunasifu bajeti, tunasifu mitaala mipya ya shule. Sentensi zetu ni nzuri. Mimi zangu ni nzuri sana, nimeambiwa mara nyingi, na moja kati ya hizo ilikosa kidogo tu kuwaacha watoto wanne bila baba, akiwemo binti aliyenipigia simu Jumatatu.

Sikuwahi kumwomba radhi. Nilikuwa nikipanga kufanya hivyo kila tulipokutana njiani, naye kila mara aliniuliza kwanza habari za watoto, nikasahau. Basi naliandika hapa ombi langu, nikijua hatalisoma, na pamoja nalo fundisho alilonipa bila kukusudia kufundisha. Ukiitwa kuhukumu kitu na ukajiona unasifu kwa raha, nyamaza kidogo, uwatazame wote mlioketi nao. Mmoja wao amepauka. Muulize yeye kwanza.