Jina Lililoitikiwa Mikoroshoni

Nilikuwa mchezaji wa timu ya shule kwa usiku mmoja tu, na usiku wenyewe niliumalizia kitandani. Kwa kipaji nilichojaliwa, hata huo ulikuwa upendeleo. Nilikuwa na mbio, sikatai, ila mara nyingi nilikimbilia mahali ambapo mpira ulikuwa umeshaondoka.

Ilikuwa miaka ya tisini, katika sekondari moja ya Mtwara mjini. Siku ya kuchagua timu, mwalimu wa michezo alisimama katikati ya uwanja baada ya alasiri na kuita majina kwa sauti. Aliyeitwa aliitika naam, akavuka mstari wa chokaa, akasimama upande wa mwalimu. Asiyeitwa alibaki pale pale, akitazamwa na wazazi. Na wazazi walikuja kweli, maana timu ilikuwa inakwenda Songea kwenye mashindano ya kanda, na ilisemekana kwamba anayecheza vizuri kule huchukuliwa na timu kubwa na kupewa kazi. Baba zetu waliliamini jambo hilo kuliko walivyoamini mitihani. Baba ambaye mwanawe ameachwa utamsikia akimweleza jirani, bila kuulizwa, habari za goti la mtoto. Mama wa mtoto huyo alifunga kanga upya na kuondoka, na ulimjua kwa jinsi alivyopita karibu na mwalimu bila kumwona.

Baba yangu alikuwa karani wa ofisi ya serikali. Siku hiyo alivaa shati la Idi. Mama, mzaliwa wa vijiji vya Nanyamba, alikaa nyuma na wanawake wenzake, chini ya mikorosho inayopakana na uwanja. Asubuhi yake ilikuwa imepuliziwa salfa, ule unga wa kuzuia ukungu, majani yote yamekuwa ya njano, na harufu ilikuwa bado imekaa kooni.

Mchezaji ambaye hakuna aliyemtilia shaka alikuwa mwenzangu wa dawati. Kwao ni upande wa Msimbati. Babu zake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Alikuwa na mguu wa kushoto ambao hata makipa waliusifu. Wazazi wake hawakuwahi kufika shuleni, lakini siku hiyo walikuja kwa baiskeli, mama amepakiwa nyuma, kuku wa shukrani mkononi. Walikuja kumsikia mtoto wao akiitwa.

Mwalimu akaliita jina lake. Hakuna aliyeitika.

Nieleze hapa, maana mwalimu alikuwa mgeni kutoka bara na hakuna aliyemweleza. Kwetu, mtoto akiingia jandoni anaacha jina lake huko porini. Anatoka na jina jipya, na lile la kwanza haliitwi tena, kwa sababu mwenye nalo amebaki. Lakini shule humwandikisha mtoto akiwa bado mdogo, na haibadilishi kitu. Kwa hiyo wengi walikuwa na jina la serikali, ambalo waliliitikia darasani kila asubuhi bila madhara, na jina la nyumbani. Kinachokatazwa ni kuliita lile la kwanza mbele ya mama aliyemzaa.

Mimi sikuwa na tatizo hilo. Baba, mtu wa maendeleo, alinipeleka hospitali. Nilirudi na vidonge, nikabaki na jina lile lile.

Mwalimu akaita tena. Upande wa wanawake, mama wa mwenzangu alikuwa amejifunika kanga gubigubi na kulala ubavu kwenye mchanga. Wenzake walisogea wakamzunguka. Kuku alikuwa amemponyoka, na hakuna aliyemfukuza.

"Wewe!" mwalimu akamwambia mwenzangu. "Umeziba masikio?"

Baba mtu akatoka kwenye kundi, amevua kofia. "Shikamoo, mwalimu. Ntoto unayemwita hatunaye."

"Marahaba, mzee. Si huyu hapa?"

"Huyu nwanangu. Huyo unayemwita hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Alibaki."

Wanafunzi wa bweni, waliotoka mikoa ya mbali, wakacheka. "Mzee, mlete hata akiwa amebaki, tunataka magoli!" akasema mmoja. Wazazi hawakucheka. Baba yangu alitazama viatu vyake.

"Mzee wangu," mwalimu akasema, na nadhani alikuwa anajitahidi kuwa mpole, "utaratibu ni mmoja. Anayeitika anakwenda, asiyeitika anabaki. Aseme naam tu, yaishe."

"Usimwite tena, mwalimu. Atakuja."

Mwenzangu alimtazama baba yake, kisha lile lundo la kanga mchangani. Mwalimu akavuta pumzi, akaliita jina kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Naam," ikajibu sauti kutoka mikoroshoni.

Ilikuwa sauti nyembamba ya mtoto, wa kama miaka minane, yenye adabu, ya mtu aliyetumwa dukani na sasa anaitwa arudi. Ilitoka nyuma ya goli la mbali, ambako hakukuwa na watu. Nimesoma hadi chuo kikuu, na huko nilijifunza kwamba mambo kama haya yana maelezo. Nimeyatoa maelezo hayo mara nyingi mezani: mwanafunzi mtundu, kwisha. Ila mtundu yeyote shuleni kwetu angejisifu kabla ya chakula cha jioni, na huyu hadi leo hajajitokeza.

Hakuna aliyekwenda kuangalia. Mwalimu mwenyewe alipiga hatua kuelekea kule, akasita, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kisha, kwa haraka ya mtu anayetaka kuondoka, akaninyooshea kidole. "Wewe mwenye mbio. Chukua nafasi yake. Majina yameshapelekwa mkoani, kwa hiyo utacheza kwa jina lake. Ukiitwa uwanjani, unaitika."

Nilivuka mstari. Baba alipiga kelele za furaha peke yake, akagundua hilo, akazimalizia kwa kukohoa.

Nyumbani alinisifu njia nzima hadi kizingitini. Mama alikuwa ametangulia. Alipakua chakula kama kawaida, ugali wa muhogo na samaki, kwa baba, kwa dada zangu, kwake mwenyewe. Sahani yangu aliiweka mbele yangu kifudifudi.

Dada zangu wakaacha kutafuna. Zamani, mvulana akifia jandoni, mama yake hakuambiwa kwa mdomo. Alipeleka chakula porini kila siku kama wenzake, hadi siku sahani ya mwanawe iliporudishwa imegeuzwa.

"Mama watoto," baba akasema, "mambo gani haya? Mtoto kachaguliwa."

"Nani kachaguliwa?"

"Mwanao!"

"Wangu hakuitwa. Nilikuwapo, nilisikiliza. Aliyeitwa ni wa yule mwenzangu, na aliitika. Wenye mtoto wao wameshajua yuko wapi. Sasa huyu wangu akiitika kwa jina lile huko Songea, na lake limekaa bure, nani atarudi humu ndani?"

"Hizo ni imani za kale. Mimi ni mtu wa ofisi."

"Haya, mtu wa ofisi. Igeuze basi hiyo sahani."

Baba alinyoosha mkono. Ulifika juu ya sahani ukasimama hapo, kama mkono unaopima joto la pasi. Nilimwombea aigeuze. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka safari ile: lori, jezi, Songea. Baba akaurudisha mkono, akasema samaki wana chumvi, akatoka nje.

Kulipokucha, yeye ndiye aliyekwenda kwa mwalimu. Alimweleza kwamba nina goti.

Jina likapewa mwanafunzi wa bweni, yule yule aliyetaka magoli, kijana wa Singida asiyeogopa kitu. Alikwenda, akacheza kuliko alivyowahi kucheza, akarudi mzima, na kwa miaka yote niliyomfahamu baadaye hakupatwa na lolote baya zaidi ya ndoa. Nalisema hili kwa ajili ya haki.

Lakini walirudi washindi, na washindi huimba. Siku hiyo mimi na mwenzangu tulikuwa sokoni, tunamsaidia mama yake kuuza muhogo. Lori lilipita polepole, wachezaji wamesimama nyuma, weupe kwa vumbi hata sura hazitambuliki, wanaliimba jina la mfungaji wao, lile jina, na watoto wa mtaani wanalidaka na kuliitikia.

Nilidhani mama yule ataanguka tena. Hakuanguka. Alisimama, akajifuta mikono, akasogea hadi ukingoni mwa barabara na kuanza kuwatazama wale vijana mmoja mmoja, kwa tabasamu ambalo sikuwahi kumwona nalo.

"Wewe ulisoma naye," aliniambia, macho kwenye lori. "Ni yupi? Amekuwa mrefu?"

Mwanawe alikuwa amesimama naye bega kwa bega. Akainama, akajifanya anatafuta kitu chini, ili apungue kimo.