Mikono Mitatu ya Rangi Nyeupe

Kaka yangu ni fundi rangi, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mikono Mitatu. Mafundi wenzake hupitisha rangi ukutani mara mbili, mkono wa kwanza na wa pili, wanachukua chao wanaondoka. Yeye lazima apige na wa tatu, hata kama mwenye nyumba ameshachoka kumsubiri. Nimemcheka miaka yote. Humwambia siku akifa tutamzika mara tatu ndipo aridhike.

Akiingia nyumba ya mtu haoni picha wala mapazia. Anaona unyevu, nyufa, na mahali fundi mwingine alipolipua kazi. Hata msibani kwa jirani nilimkuta anapapasa ukuta kwa kiganja. Nilimfinya.

Mkewe alifariki binti yao akiwa darasa la tatu, nami nikahamia kwao kusaidia kulea. Mtoto yule alikulia kwenye makopo ya rangi. Baba akirudi na mabaki ya kazi, yeye anayamalizia kwenye makaratasi, kwenye mlango wa choo, na siku moja kwenye mgongo wangu nikiwa nimelala. Alipopata nafasi chuo cha sanaa hakuna aliyeshangaa. Tulijivuna, tena sana.

Mwaka wa pili akaanza kunyamaza. Aliacha kula nasi, kisha akaacha chuo, kisha akawa anajifungia chumbani kutwa nzima. Nilisema ni mapenzi. Nilisema ni uvivu wa watoto wa siku hizi, na nililisema hilo mlangoni kwake, kwa sauti, ili asikie. Nalisimulia kwa aibu. Kaka yeye asubuhi alikuwa akisimama kidogo pale mlangoni, halafu anabeba ngazi yake anakwenda kazini.

Alipomaliza siku tatu bila kula wala kuitika, tulivunja kitasa. Tulimkuta sakafuni, macho wazi, asitutambue. Akalazwa. Daktari akasema ni sonona, maradhi kama maradhi mengine, yana tiba, ila lazima mgonjwa azungumze. Binti yetu hakuzungumza. Alimgeuzia kila mtu kisogo.

Jumamosi tukaingia kumsafishia chumba. Ukuta mzima unaotazamana na kitanda ulikuwa mweusi, kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua changu. Ilikuwa ile rangi ya mafuta ya kupakia mageti, nzito, imekwaruzwa kwa kucha. Juu yake palikuwa na kijivu, na karibu na mlango mtu mdogo kama kidole gumba. Hatukuona picha pale. Tuliona ugonjwa, nao ulitutisha.

"Hawezi kurudi akalala na kitu hiki," kaka alisema. "Arudi akute kusafi."

"Kabisa," nikamjibu. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi.

Alipiga msasa, akapaka nyeupe. Weusi ukachomoza. Akapaka mkono wa pili, na yule mtu wa karibu na mlango akawa bado anaonekana kwa mbali. Wa tatu ukammaliza. Kaka alirudi nyuma hatua mbili akaitazama kazi yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwanawe alazwe.

Wiki iliyofuata tulipokwenda kumwona, binti aligeuka, akaketi, akaongea.

"Baba, daktari kila siku ananiuliza najisikiaje. Siwezi kumwambia. Nenda kapige picha ule ukuta wangu umwonyeshe. Nimeuchora miezi minne. Kila kitu kiko pale."

Nesi aliyekuwa akimpima presha alifurahi nusura aruke. Mimi nilimkanyaga kaka mguu chini ya kitanda. Nilitaka aseme sawa mwanangu, halafu tujue la kufanya baadaye. Lakini kaka yangu hajui kudanganya, hajawahi kujua.

"Niliupaka, mwanangu."

"Wote?"

"Wote."

Binti alimtazama. "Mara ngapi?"

"Tatu."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akauliza, "Na yule mtu wa mlangoni?"

"Naye pia."

"Yule alikuwa wewe, baba."

Akalala tena, akatugeuzia kisogo, na nesi akatuomba tutoke nje.

Tangu siku hiyo anakula, anaoga, anameza dawa zake. Daktari akimuuliza kitu anajibu ndiyo au hapana, basi. Na daktari ametuambia waziwazi kwamba kwa ndiyo na hapana hatafika mbali.

Kaka hakwenda kazini siku tano. Aliingia chumba kile na kipande cha wembe akawa anakwangua karibu na mlango, polepole, akitaka kuivua nyeupe peke yake. Haikukubali. Ilibanduka pamoja na nyeusi, ikaacha plasta tupu. Nilimwona fundi wa miaka thelathini amepiga magoti anapuliza vumbi ukutani, nikalia jikoni ili asinisikie.

Siku ya tano akanifuata, mikono yake imejaa unga wa rangi.

"Mdogo wangu, wewe ulikuwa chini, umeshika ngazi, uko karibu naye kabisa. Yule mtu, alikuwa anaingia chumbani au anatoka?"

Sikumwelewa mara moja. Akarudia.

"Nataka kujua amenichora naingia au natoka."

"Unaingia," nikamwambia.

"Una uhakika?"

"Nilimwona kwa macho yangu haya, kaka."

Akashusha pumzi, akakaa kwenye kiti, akaniomba maji. Asubuhi yake alivaa shati lake zuri akaenda hospitali kumwambia binti kwamba amejua, kwamba alichorwa anaingia. Nilimwangalia anavuka barabara nikashindwa kumwita. Sikuwahi kumtazama yule mtu vizuri hata mara moja. Anayejua alikuwa anaelekea wapi ni binti peke yake.