Kisanduku Cheupe kwenye Njia ya Lwiro

Kwa miaka sita mama yangu hakulala nje ya nyumba yake hata usiku mmoja. Akija Bukavu kututembelea, ikifika saa saba mchana ameshajifunga kitenge cha safari, anauliza magari ya Kavumu yanajaa saa ngapi. Tangu kaka yangu Cirhuza aende Shabunda kutafuta dhahabu, na simu yake ikanyamaza, mama anaogopa kitu kimoja tu: kwamba mwanawe atarudi siku ambayo yeye hayupo. Na huko kwao Lwiro hakuna anayemwita kwa jina lake. Yeye ni Maman Cirhuza asubuhi bombani, Maman Cirhuza mchana sokoni, Maman Cirhuza kanisani. Kila anayemsalimu anamkumbusha. Mimi Nabintu, binti yake, nilitaka alale usiku mmoja kando ya ziwa, kule Katana alikozaliwa, moyo wake upumzike. Ndiyo maana tulisafiri.

Wazo la kusafiri na nyumba lilikuwa la mume wangu, Murhula. Yeye ni seremala hapa Cimpunda, katika Kadutu ya Bukavu, ambako nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akipiga chafya, wewe ndiye unayepangusa pua. Siku moja aliona kwenye simu picha ya tela dogo lenye umbo la tone la maji, kitanda ndani, jiko nyuma, likivutwa na gari la kawaida. Wenye tela walikuwa wameketi mbele ya maji wakinywa chai, kama watu ambao hawajui Jumatatu ni nini. Murhula aliitazama picha ile wiki nzima.

"Hii ni kabati tu yenye iko na mapira," aliniambia. "Minaweza kuitengeneza."

Akatengeneza. Alipata ekseli ya gari lililokufa, akaunda mbavu za mbao, akazifunika kwa mbao nyembamba za triplex, akapaka rangi nyeupe iliyobaki kwenye kazi ya milango. Godoro la watu wawili liliingia bila kukunjwa. Nyuma kulikuwa na kifuniko: ukikiinua, unaona babula, jiko letu la makaa, sufuria mbili na makopo ya chumvi na chai. Ili tela lisukumike kwa mikono alilitia mishikio, mitatu kila upande, na alitumia aliyokuwa nayo dukani: ile inayong'aa, ya majeneza. Seremala wa Kadutu hutengeneza vitanda, milango na majeneza, na anayekataa kazi ya majeneza bora afunge duka. "Mushikio ni mushikio," alisema. Mimi nami sikuona kasoro. Nimeishi na mishikio hiyo chini ya kitanda changu miaka kumi.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati ya Cimpunda. Gari haliwezi kufika kwetu, kwa hiyo wanaume sita wa mtaani walishika mishikio sita na kuliteremsha tela taratibu kwenye vijia vya udongo, wakielekezana kwa sauti ndogo ili wasiwaamshe watoto. Mimi nilifuata nyuma na kapu la viazi. Sikuona miguu yao kwa ule ukungu. Niliona tu kitu cheupe kikishuka mlimani chenyewe. Nilifurahi sana. Nilijiona kama niko ndani ya ile picha ya simu.

Barabarani, Murhula alilifunga tela kwenye kigari chetu. Halikuwa na taa, basi akachomeka tawi bichi la mkaratusi nyuma ili pikipiki zisitugonge, akawasha taa za gari za kumwekamweka, akaendesha polepole kama anayebeba mayai. Tuliuacha mji nyuma. Ziwa lilikuwa upande wa kulia, likijitokeza na kupotea, likijitokeza tena, na kila lilipojitokeza lilikuwa na rangi nyingine.

Saa mbili tulikuwa tunakaribia Mudaka, na hapo nikaanza kuona ajabu. Mwanamke mwenye mzigo wa majani ya sombe alisimama pembeni, akautua mzigo, akafanya ishara ya msalaba. Mzee wa baiskeli akavua kofia. Pikipiki zilizokuwa zikitukimbilia zikapunguza mwendo na kutupisha. Kwenye kizuizi, ambapo kila siku watu hubishana hadi jasho, kijana aliyekuwa zamu aliinua mti kabla hatujasimama, akainamisha kichwa.

"Nabintu," Murhula akasema, "hawa watu banafikiri tunabeba maiti."

Nikageuka kulitazama tela letu kwa macho ya watu wa barabarani: sanduku jeupe, mishikio inayong'aa, tawi bichi, taa zinazomwekamweka, mwendo wa huzuni. Nikacheka hadi nikashika mbavu.

"Tubaambie," akasema.

"Acha. Hujaona vile njia inafunguka?"

Sokoni Mudaka kijana wa pikipiki alikuja dirishani kwangu, kofia yake ngumu mkononi. "Maman, munamupeleka wapi?" akauliza kwa upole. Ningemwambia ukweli hapo hapo. Lakini nilikuwa na kicheko kooni, nikainamisha uso ili asikione, nikajibu: "Lwiro, kwa Maman Cirhuza." Akasema Mungu awatie nguvu, akapanda pikipiki yake, akaondoka kuelekea upande ule ule tuliokuwa tunakwenda. Mimi nikacheka na kumenya ndizi. Neno hilo moja nalijutia hadi leo.

Kuanzia Kavumu barabara ilikuwa tulivu. Tulipinda kushoto, tukaanza kupanda kuelekea Lwiro kati ya mashamba ya maharagwe na migomba. Jua lilikuwa laini, upepo unanukia majani ya mkaratusi na moshi wa asubuhi. Nilifumba macho. Nilimwona mama amekaa kwenye godoro letu, miguu inaning'inia nje, anaangalia maji. Nikasinzia na picha hiyo, na nadhani nilitabasamu, maana Murhula alinigusa goti na kusema tumekaribia.

Saa tano kasoro tulifika. Kwanza niliona watu wengi mno uani. Wanawake wa jirani walikuwa wamekaa chini, vitambaa kichwani. Kisha nikasikia kilio kinaanza, kile cha sauti moja inayoinuka na nyingine kuipokea. Mama alikuwa amesimama peke yake katikati ya ua, miguu mitupu, kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu. Hakututazama mimi wala Murhula. Alilitazama tela.

"Ni yeye?" akauliza. "Mumeniletea mutoto wangu?"

Nilitoka garini nikaanguka, nikainuka. Nilikimbilia mlango mdogo wa tela nikaufungua wote, nikavuta shuka, nikavuta mito, nikatupa nje sufuria, kapu la viazi, ndala za Murhula. "Mama, ni kitanda! Ni kitanda tu! Ni nyumba ya kulala, tumekuja kukupeleka ku ziwa!" Kiazi kimoja kilibiringika hadi kwenye miguu yake.

Kilio kilikatika. Halafu mmoja akacheka, wa pili akacheka, na mara ua wote ukawa kelele. Jirani yake, Maman Faida, aliyekuwa amelia kuliko wote, alimpiga Murhula mgongoni kwa kitambaa chake. "Wee fundi! Mutu gani anatembea na nyumba kama jeneza? Mungu atakuuliza!" Murhula aliomba msamaha kwa kila mtu, mmoja mmoja, akiwa ameinama.

Mama hakucheka. Aliketi kwenye kizingiti, mimi nikapiga magoti mbele yake nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyemwachia kijana wa pikipiki aondoke Mudaka na uongo, akaufikisha hapa kabla yetu. Alinisikiliza. Akanifuta vumbi shavuni, ndipo aliposema, polepole:

"Nabintu, saa nzima nilikuwa najua mutoto wangu iko wapi. Iko mu njia, anakuya kwangu. Nilikuwa nalia, lakini nilikuwa najua. Sasa munanirudisha mu ile ya kutojua."

Nililia mimi sasa. Nilikuwa nimedhani taabu ya mama ni kungoja. Kumbe tulivyoishi miaka sita kwa kusema "atarudi tu, mama, atarudi", tulimwachia mzigo wote wa kutojua aubebe peke yake.

Saa nane mchana watu walikuwa wamekwenda. Tulikuwa tumekula, na kimya kimeshuka juu ya ua. Kutoka upande wa kituo cha utafiti cha Lwiro, wanakotunzwa sokwe, wanyama hao walikuwa wakipiga kelele zao, mmoja akiita, wengine wakiitikia mbali msituni. Nikamwambia Murhula tulale hapo, asubuhi turudi Cimpunda, ziwa basi tena. Tulipotoka nje tulimkuta mama ndani ya tela. Alikuwa amelala chali juu ya shuka ile iliyokuwa imebururwa, anaitazama dari ya triplex.

"Sikujua kama nimechoka," alisema. "Leo njo nimejua. Ilifika pale nikapenda sanduku ikuye na yeye ndani, bora nijue. Mama gani anapenda bile?"

"Mama mwenye kuchoka," nikamjibu.

Aliinuka, akakaa, miguu ikaning'inia nje ya tela. Kisha akasema, "Basi, munipeleke. Lakini usiku moja. Moja tu."

Kabla hatujaondoka Murhula alichukua bisibisi, akafungua mishikio yote sita bila kuambiwa, akalitupa tawi na kufunga shati lake jekundu mahali pake. Mama alipanda garini, akashuka kurekebisha kuni za jikoni, akapanda, akashuka kuona kama mlango umefungwa vizuri, akapanda tena. Njia nzima hadi Katana alikuwa akigeuka nyuma. Hakuna mtu aliyetuvulia kofia.

Saa kumi na moja tulifika ufukweni. Shamba tulikoomba kulala lilikuwa la mkulima wa kahawa, Papa Zihindula, mtu mwembamba mwenye macho ya utani. Alilizunguka tela mara mbili.

"Munalala mu hii kintu?"

"Ndiyo, papa," akajibu Murhula.

"Na nyumba yangu inakosa nini?"

Ilibidi tumweleze kwamba nyumba yake haikosi kitu, kwamba ni mama tu anayetaka kuona maji akiwa kitandani. Alikubali kwa sharti kwamba tule kwake. Mke wake akatuletea sambaza za moto, vile visamaki vya ziwa, na bugali, na mama akala kama mtu aliyetoka kulima. Murhula hakukaribia tena lile godoro baada ya mama mkwe kulilalia. Heshima ya ukwe haimruhusu. Alikwenda kulala garini, miguu nje ya dirisha. Mimi na mama tuliingia ndani, tukaacha mlango wazi kidogo. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Maji yalikuwa yanapumua karibu sana na vichwa vyetu. Mama alianza kunionyesha kwa kidole alikokuwa akiteka maji alipokuwa binti, na katikati ya neno akalala.

Jumapili niliamka kukiwa kweupe. Ziwa halikuwa na mkunjo hata mmoja, na kisiwa cha Idjwi kilikuwa kimeelea juu ya ukungu bila kugusa maji. Niliwasha babula, nikatia chai. Nikakaa kwenye jiwe, sina haraka na mtu. Mama hakuamka. Jua likapanda hadi mlangoni, likamgusa miguu, likapanda magotini, naye bado amelala, mdomo wazi, anakoroma kidogo. Mama yangu, ambaye miaka sita aliamka kila jogoo alipowika, kila mbwa alipobweka! Murhula alikuja, akatazama, tukawa tunanong'ona kama wenye mtoto mchanga. Alipoamka saa tatu aliona aibu, akauliza kwa nini hatukumwamsha kwa misa. Kisha akatazama maji, muda mrefu, na kwa mara ya kwanza akalitaja jina la Cirhuza bila kuuliza swali lolote nyuma yake. Alisimulia tu jinsi mtoto huyo alivyokuwa akiogopa kuoga, na jinsi alivyokimbia uchi hadi shule. Tulicheka watatu.

Saa nane tulirudi Lwiro. Kabla gari halijasimama mama alishamwita Maman Faida.

"Kuna mutu alikuya?"

"Hakuna, Maman Cirhuza. Hakuna mutu."

Niliutazama uso wake nikiwa na hofu. Nilijua, kutoka Katana hadi hapo, kwamba safari haikumwondolea mama kitu. Ilimpumzisha tu, na mimi nilikuwa nimejifunza kutomwahidi ambacho siwezi kumletea. Nikalishusha furushi lake la nguo nikalipeleka mlangoni. Mama alilifuata, akaliokota, akalirudisha ndani ya tela na kulipanga vizuri pembeni mwa mto.

"Naenda na ninyi. Bukavu ntakaa hata siku ine," akaniambia. Kisha akamgeukia Maman Faida, akamkabidhi ufunguo wa nyumba. "Kama Cirhuza anakuya, umupikie, akule. Umuambie mama yake iko mu safari. Akae pale ku mulango, angoje."